Namna ya Kumpima Mwigizaji Aliyegeuka Mwongozaji

Mwigizaji akihamia nyuma ya kamera, wengi huanza kwa kusifu mandhari. Picha nzuri ni kazi ya mpiga picha hodari, na hodari hukodishwa. Mkono wa mwongozaji utaujua kwa waigizaji wake, hasa yule mwenye maneno machache.

Mchukue Joan Chen, mzaliwa wa Shanghai, 1961. Filamu ya Xiao Hua (1979) ilimpa jina China nzima angali binti. Mwaka 1981 akahamia Marekani, na The Last Emperor (1987) ikamtambulisha duniani. Filamu ya kwanza aliyoiongoza, Xiu Xiu: The Sent Down Girl (1998), aliipiga huko kwenye nyanda za Watibeti bila kibali cha serikali, na China ikaipiga marufuku. Taipei ikaipa tuzo saba za Golden Horse, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora.

Katika filamu hiyo, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China, Wen Xiu, binti wa fundi cherehani wa Chengdu, anapelekwa nyikani kujifunza ufugaji wa farasi kwa Lao Jin, Mtibeti aliyehasiwa. Miezi sita inakwisha, hakuna anayekuja kumchukua. Wanaokuja ni wanaume wenye ahadi za kibali cha kurudi nyumbani, na kila mmoja anadai mwili wake.

Sasa mtazame Lopsang, anayeigiza Lao Jin. Mwongozaji asiyejiamini angempa hotuba ya uchungu. Chen anampa kazi za mikono: achimbe dimbwi msichana aoge, ageuze mgongo, apande farasi kufuata maji mbali. Hasira yote ya mtu huyu tunaisoma katika namna anavyobeba maji. Ni mwigizaji tu, aliyekwisha kukaa mbele ya kamera miaka mingi, anayejua kwamba uso ukiachwa utulie husema zaidi. Naye Chen hakujipa nafasi hata moja ya kuonekana.

Fuata pia hayo maji. Mwanzoni ni furaha ya msichana chini ya mbingu wazi. Baadaye anayadai ili ajisafishe kila mwanaume anapoondoka. Maana imegeuka, na hakuna aliyeieleza. Kasoro ninayoiona ni sauti ya msimulizi, inayotuambia huzuni tuliyokwisha kuiona.

Halafu tazama Autumn in New York (2000), ambayo pia Chen aliiongoza, yenye Richard Gere na Winona Ryder. Fedha zimeongezeka, nyota wameongezeka, lakini majani ya vuli ndiyo yanayobeba hisia ambazo waigizaji walipaswa kuzibeba. Kwa kipimo chetu, imeshindwa.

Anza na Xiu Xiu, msomaji, na usiitazame mbele ya watoto.