Mionzi Haibaki: Uhakiki wa Lugha ya Kupimia Gama

Makala hii inahakiki matumizi ya neno "mionzi" katika Kiswahili cha sayansi, hususan linapoeleza miale ya gama itokanayo na mpasuko wa kiini cha atomu. Hoja yetu ni kwamba neno hilo limebebeshwa dhana tatu: mwale unaosafiri, kitu kinachoutoa, na athari kwa anayepigwa nao. Kwa msomaji wa Bujumbura, ambaye sehemu ya chakula chake hupitia bandari ya Dar es Salaam, mkorogo huo si suala la wanaisimu peke yao.

Kiini cha urani-235 kinapopasuka hutoa nishati ipatayo elektronivolti milioni 200. Takriban milioni 7 kati ya hizo huondoka papo hapo kama miale ya gama, saba au nane hivi kwa kila mpasuko. Kuipima kunahitaji chemba inayotambua vipande vya kiini kila vinaporuka, na kando yake fuwele inayometa ipigwapo na mwale. Kwa kuwa nyutroni husafiri polepole kuliko gama, tofauti ya wakati wa kufika ndiyo inayozitenganisha. Miale hiyo ikishapita imekwisha. Kinachobaki ni vipande, navyo huendelea kutoa gama yao wenyewe: iodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8, sesiamu-137 kila baada ya miaka 30.

Sasa zitazamwe sentensi tulizozizoea: "mionzi imebaki kwenye udongo", "maziwa yana mionzi". Kitenzi "kubaki" kinaugeuza mwale kuwa uchafu. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, kilichoingia katika malisho ya Ulaya, na hatimaye katika maziwa, ni sesiamu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Lakini katika kazi ya namna hiyo mpimaji hatafuti "mionzi" tu. Hutafuta kilele cha kiloelektronivolti 662, alama ya sesiamu-137. Mbele yake, penye 1,461, atakikuta kilele cha potasiamu-40, ambayo imo katika kila debe la maharage na kila mkungu wa ndizi tangu kale. Kwa hiyo "chakula hiki hakina mionzi" ni sentensi isiyoweza kuwa kweli, hata itamkwe kwa nia njema kiasi gani.

Istilahi "nururifu" ipo kamusini na ingetufaa. Wapo wanaoilaumu kwamba imetokana na nuru ilhali gama haionekani. Lawama hiyo hatuikubali: gama na nuru ni jamii moja, zote mawimbi ya sumakuumeme. Udhaifu wa istilahi hiyo ni kwamba imebaki kamusini. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingeweza kuishusha hadi kwenye fomu za forodha na vitabu vya wauguzi.

Hapo kwa wauguzi ndipo penye hatari kubwa. Mtu aliyepigwa na gama kutoka nje hawi nururifu, na kumgusa hakumdhuru yeyote. Mwenye vumbi nururifu mwilini lazima avuliwe nguo na kuoshwa. Kiswahili chetu cha sasa huwaita wote wawili "mwenye mionzi".