Heko kwa Les Wanyika

Kwetu Kabazi ni mbali na Tanga na Arusha, kwenye mizizi ya muziki huu, lakini huku Subukia, Nakuru, katikati ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, hakuna sherehe ya watu wazima inayokwisha bila "Sina Makosa", wimbo wa bendi ya Les Wanyika. Acha nitoe pongezi ambazo zimechelewa.

Les Wanyika walizaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa walipojiengua kutoka bendi ya Simba Wanyika. Profesa Omar Shabani alikuwa na gitaa la rithimu, Tom Malanga besi, Rashid Juma ngoma. Kisha akaja John Ngereza, sauti na gitaa la solo. Issa Juma, ambaye pia alikuwa nao mwanzoni, baadaye alishika njia yake.

Wengi husifu solo. Mimi namsifu Profesa. Rithimu yake haikimbii wala haipigi kelele. Inazungukazunguka papo hapo, besi ya Malanga ikiijibu kwa chini, hadi solo inapoingia unakuta miguu imeshaanza kucheza. Hawakuhitaji tarumbeta. Na Kiswahili chao, cha Watanzania walioishi Kenya, kilieleweka na Mkikuyu na Mkalenjin bila mkalimani.

Nyimbo zao nyingine ni "Pamela", "Paulina", "Dunia Kigeugeu", "Afro". Sina hakika kama ipo bendi nyingine iliyoifanya lawama ya mapenzi ichezeke namna ile. Madijei wa Nakuru wanazijua zote. Vijana wakianza kulalamika, wazee huongeza sauti.