Meno ya Bandia ya Bwana Thomson: Hadithi za Kigeni na Msomaji wa Mumias

Wahakiki wetu wamezoea kulalamika kwamba mtoto wa Kiafrika alilelewa kwa hadithi za wageni hata akazisahau za kwao. Ngugi wa Thiong'o aliieleza hali hiyo katika Decolonising the Mind (1986), akikusudia hasa vitabu vya Kiingereza. Lalamiko hilo ni la haki, lakini halitoshi tukilipeleka Mumias. Huko hadithi ya kigeni ilifika pia kwa Kiswahili, na sehemu yake moja ilikuwa na uhusiano na mahali hapo kabla haijaandikwa.

Tutazame Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard ya 1885, iliyosomwa kwa miaka mingi katika shule za Afrika Mashariki. Humo Kapteni Good anawaduwaza wenyeji kwa meno yake ya bandia, yanayotoka na kurudi kinywani. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alikuwa amewafanyia Wamaasai kiinimacho kama hicho, akakisimulia katika kitabu kilichotoka mapema mwaka huo huo. Naye alimnung'unikia Haggard kwa kumwigiza. Ndiyo safari iliyomfikisha Thomson Kwa Sundu, yaani Mumias, mwishoni mwa 1883, akifuata njia ya misafara ya Waswahili, wakati Nabongo Mumia alipokuwa ameanza tu kutawala. Hivyo mtoto wa Kiwanga aliufurahia mzaha wa mgeni aliyepata kukaribishwa na babu zake, wala hakuna aliyemwambia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika riwaya, Ignosi anarudishiwa enzi yake kwa msaada wa Wazungu watatu, kisha anaifunga nchi yake wasiingie wengine. Mumia naye alifanya urafiki na Waingereza na bunduki zao. Kituo chao kilijengwa kwake 1894, na mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu. Yeye lakini hakuwa na mlango wa kufunga: mwaka 1920 makao ya serikali yalihamishiwa Kakamega, na alipofariki 1949 mamlaka yake yalikuwa yamekwisha kumtoka zamani. Kwa maoni yangu, mwisho huu una uchungu na maana kuliko ule wa Haggard, ambao ni ndoto ya Mzungu kuhusu mfalme mwenye shukrani.

Sisemi kwamba tafsiri hiyo itupwe. Frederick Johnson, aliyeifasiri, alikijua Kiswahili, na wengi wetu tulijifunzia humo namna ya kuendesha kisa. Kosa liko kwetu. Masimulizi ya wazee wa Magharibi ya Kenya aliyoyakusanya Gideon Were yalichapishwa 1967, kwa Kiingereza, nasi walimu wa fasihi tukawaachia wanahistoria, kana kwamba mzee anayesimulia kuanguka kwa mfalme anatoa ushahidi tu, hasimulii hadithi.