Maswali 7 Kati ya 23

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hunyoosha kidole kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kudai: anaonyesha biskuti juu ya kabati, akipewa, habari imekwisha. Ya pili haidai chochote. Ndege imepita angani, mtoto ananyoosha kidole, kisha anageuka kumtazama mama yake usoni ahakikishe kwamba naye ameiona. Ukiwa umesimama kando huenda usiione tofauti. Wanaotunga vipimo vya usonji huanzia hapo hapo, kwa sababu mtoto mwenye usonji anaweza kuwa na kidole cha kudai bila kuwa na kile cha kushirikisha.

Kazi ninayotaka kuisifu ni ya daktari wa watoto Virginia Wong na wenzake wa Hong Kong, iliyotoka mwaka 2004 katika jarida la Pediatrics. Waliunda dodoso la kuchunguza watoto wa Kichina, wakaliita CHAT-23. Malighafi waliikuta tayari. Mwaka 1992 Simon Baron-Cohen wa Uingereza na wenzake walitoa CHAT: maswali 9 kwa mzazi na mambo 5 ambayo mhudumu wa afya anayatazama mwenyewe. Mwaka 2001 Diana Robins na wenzake wa Marekani waliongeza maswali ya mzazi hadi 23, wakaondoa sehemu ya mhudumu. Wong na wenzake walichukua maswali ya Wamarekani, wakarudisha jicho la Waingereza.

Mtu mvivu angetafsiri, akachapisha, akaenda nyumbani. Wao walitazama kwanza jinsi mzazi anavyojibu. Dodoso la Marekani lilitaka ndiyo au hapana. Lakini muulize mama kama mwanawe huigiza kupika au kuongea na simu, uone anavyosita: alifanya juzi, wiki iliyopita hakufanya, je, hiyo ni ndiyo? Kwa hiyo jibu likawekewa ngazi, kuanzia kamwe hadi mara nyingi. Jambo dogo, ila linampa mzazi nafasi ya kusema alichokiona bila kusukumwa upande mmoja.

Sehemu ya kutazama ndiyo inayonivutia zaidi. Mhudumu anavuta usikivu wa mtoto, kisha ananyoosha kidole upande wa pili wa chumba na kumwambia atazame kitu kilichopo kule. Hapo macho yake mhudumu hayafuati kidole. Yanabaki usoni pa mtoto. Mtoto akiishia kutazama mkono, hajapata. Sharti macho yake yafike kwenye kitu chenyewe. Halafu anapewa kikombe na birika vya kuchezea, aombwe atengeneze chai. Wengi humimina chai isiyokuwapo, wakajifanya wanakunywa. Kisha anaulizwa taa iko wapi. Kunyoosha kidole peke yake hakutoshi, sharti amtazame na aliyemuuliza. Haya yote ni dakika chache na vyombo vya bei ndogo. Kinachogharimu ni kumfundisha mhudumu ajue cha kutazama.

Sasa njoo kwenye hesabu. Watoto walikuwa 212, na 87 kati yao walikuwa na usonji au hali za jamii yake. Wote walikuwa na umri wa akili, si wa kuzaliwa, wa miezi 18 hadi 24, na uamuzi huo una busara kubwa. Mtoto aliyechelewa kukua kwa jumla naye huenda hanyooshi kidole, na hana usonji. Ukilinganisha kwa tarehe ya kuzaliwa, dodoso lako litakuwa linapima uchelewaji huku wewe ukidhani linapima usonji.

Katika yale maswali 23, saba yaliwatenga watoto vizuri kuliko mengine: kuiga, mchezo wa kuigiza, kidole cha kushirikisha, kumsoma mtu mzima usoni kunapotokea jambo geni, kuleta kitu ili kukionyesha, kutazama kitu anachoonyeshwa kwa kidole, na kupendezwa na watoto wenzake. Kidole cha kudai hakimo. Aliyekosa mawili katika hayo saba alihesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa zaidi, na kwa kipimo hicho dodoso liliwanasa watoto 93 katika kila 100 wenye usonji. Lakini liliwaita pia 23 katika kila 100 wasio nao. Kwa jicho la mhudumu, kukosa mambo mawili kati ya manne yaliyohesabiwa kulinasa 74 tu, huku wasio na usonji walioitwa bure wakishuka hadi 9. Ndiyo maana walishauri hatua mbili: mzazi ajaze kwanza, kisha mhudumu awatazame wale walioshikwa. Chekeche la matundu madogo hutangulia, la matundu mapana likafuata.

Sifa hazinizuii kusema kasoro. Katika utafiti ule, watoto wanne katika kila kumi walikuwa na usonji au hali za jamii yake. Kliniki ya kawaida haiko hivyo. Tuseme wamekuja watoto 1,000, na 10 tu wana usonji. Dodoso litanasa 9, na litawatia hofu wazazi wa watoto kama 230 wasio na tatizo hilo. Nalo kosa la upande wa pili lipo: CHAT ya awali ilipojaribiwa Uingereza kwa watoto zaidi ya 16,000 wa miezi 18, na kufuatiliwa kwa miaka, ilikuwa imewanasa 38 tu katika kila 100 waliokuja kuthibitishwa kuwa na usonji. Anayesifu kipimo bila kutaja takwimu za namna hii anauza, hasifu.

Mwaka 2022 serikali ya China ilitoa mwongozo wa kuwachunguza watoto wote wa miaka 0 hadi 6, nao pia huanza na uchunguzi mwepesi kabla ya ule wa kina. Hakuna dodoso linalotoa jibu la mwisho. Hilo hutolewa na daktari bingwa aliyekaa na mtoto. Basi mzazi, ukipewa karatasi ya namna hii kliniki, jaza unayoyaona kwa mwanao kila siku. Na ukiitwa urudi, rudi.