Upana wa Boriti

Ukilala chali katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, kitu cha kwanza unachosoma ni dari. Boriti zimevuka kutoka ukuta hadi ukuta, moja baada ya nyingine, nyeusi kwa umri, nyingine zimepinda kidogo kama mti wenyewe ulivyopenda kuota. Usiku mmoja wa joto, umeme umekatika, nilianza kuzihesabu. Nilifika thelathini na moja usingizi ukanichukua. Asubuhi nikakipima chumba kwa miguu. Urefu wake hatua kumi na mbili, upana wake hatua nne fupi. Chumba cha tajiri, chenye kuta nene kiasi cha mtoto kukaa dirishani akakunja miguu, na bado ni chembamba kama ushoroba.

Uhakiki wa nyumba hizi ungeanzia hapo darini. Wapiga picha huanzia mlangoni, nami siwalaumu: mlango umechongwa, una misumari ya shaba, una maringo. Lakini mlango ni dibaji, na dibaji huandikwa ili kumpendeza mgeni. Kanuni ya kazi yote iko juu, kwenye gogo la mkoko. Mkoko una mwisho wa unene na mwisho wa unyoofu, na dari la mawe na chokaa ni zito. Fundi aliyetaka boriti ilibebe dari hilo bila kulegea alijua kwamba nafasi kati ya kuta mbili isizidi mita mbili na nusu, au tatu akijikaza. Basi chumba kikaruhusiwa kurefuka kadiri mfuko wa mwenye nyumba ulivyoruhusu, ila kupanuka kikanyimwa. Mwenye mashamba ya karafuu na karani wake walilala katika upana mmoja.

Mtu aliyezoea tungo za kimapokeo ataitambua sheria hii mara moja. Shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, linaweza kuwa na beti tano au mia tano. Mshororo wenyewe haukubali hata silabi moja ya ziada. Ikizidi, shairi ni guni, na msikilizaji analijua kwa sikio hata kama hajawahi kushika kitabu. Boriti ndiyo mizani ya nyumba ya mawe. Nayo haikuishia pwani yetu. Majahazi yalibeba miti kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, ikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, ikapelekwa Omani na kwingineko katika Ghuba ambako miti ya kujengea ni adimu. Nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba vya upana huohuo. Mti ulioota katika tope la Rufiji ukaamua watu wa Ghuba ya Uajemi walale wamebanana kiasi gani.

Nimeanza na umbo kwa sababu mazungumzo ya barazani huanza na hukumu. Kila ghorofa linapoanguka, mtu atasema: wazee walijua kujenga. Yalisemwa Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoporomoka na kuua watu 36. Yakarudiwa Novemba 16, 2024, jengo la Kariakoo lilipowafukia wafanyabiashara na wateja wao. Ya kale ni dhahabu, wanasema, na uchungu wa msiba unayafanya maneno hayo yaonekane ya haki.

Lakini ni ya kale yapi? Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji kwa uzuri na kwa ujenzi wake, na akaeleza kwamba ulijengwa kwa miti. Nenda Kilwa Kisiwani leo uutafute mji huo wa miti. Utakuta mawe: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa juu ya jabali lake, makaburi. Nyumba alizoziona msafiri yule zimekwenda na mchwa, na moto, na masika mia saba. Tunachokiita ujenzi wa wazee ni diwani iliyohaririwa na mvua. Tungo dhaifu zilikwisha kuondolewa kabla hatujazaliwa, nasi tunaifungua na kushangaa kwamba kila ukurasa ni mzuri.

Tena hata zilizobaki zina makovu yake. Msikiti Mkuu wa Kilwa uliongezwa sehemu kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ikipitia bandarini na sultani akiwa na hamu ya kuonekana. Sehemu hiyo ilianguka. Ikajengwa upya karne ya 15, na hiyo iliyojengwa upya ndiyo mgeni anayoipiga picha. Husuni Kubwa yenyewe, kasri la vyumba zaidi ya mia, haikumalizwa. Sisemi haya kuwadhalilisha mafundi wa Kilwa, maana kuba zile zinamtoa mtu pumzi hadi leo. Nasema tu kwamba mkubwa mwenye haraka na fundi anayeshindwa kumwambia hapana hawakuzaliwa pamoja na saruji.

Kuna jambo jingine ambalo ukuta wenyewe unalieleza ukiusogelea. Tazama lipu ya chokaa pale ilipobanduka: utaona tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama karatasi, jeupe, la manjano hafifu, jeupe tena. Kila tabaka ni mwaka, au miaka michache, ambayo mtu alipanda ngazi na ndoo na kata la mnazi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikae. Hata ikishapakwa haina haraka ya kukauka. Inaendelea kuvuta hewa na kukaza kwa miaka, na katika muda huo ukuta unaweza kujinyoosha kidogo bila kupasuka vibaya. Sakafu ilipigiliwa kwa vibao siku nzima, watu wamejipanga mstari, wimbo ukiwapa mwendo. Ni umbo lililotegemea kurudiwa. Nyumba ya chokaa haikujengwa ikaisha; ilikuwa kama wimbo wa ngoma, ambao upo maadamu kuna wa kuuimba.

Hapo sifa za wazee zinapata doa ambalo hatupendi kulitazama. Ni nani aliyepanda ngazi? Zanzibar ya karafuu, ambayo ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya mji tunaouona, ilikuwa Zanzibar ya watumwa; amri ya kufuta hadhi ya utumwa ilitoka mwaka 1897. Ubora tunaousifu ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mikono mingi isiyolipwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikagawanywa vyumba kwa vyumba kwa kodi ndogo, na jengo lililozoea familia moja tajiri likabeba familia saba zisizo na uwezo wa kununua hata gunia la chokaa. Masika yakafanya kazi yake. Pale fedha zilipopatikana, fundi akaja na saruji, akapiga lipu ngumu juu ya ukuta unaopumua. Unyevu na chumvi vikafungiwa ndani, matumbawe yakaanza kusagika, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani zikaoza mahali ambapo hakuna jicho. Kwa nje ukuta ulipendeza kuliko ulivyowahi kupendeza.

Sasa tulisome jengo moja kwa makini zaidi, maana hutajwa kila mara kama ushahidi wa pande zote mbili: Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililoamriwa na Sultani Barghash na kujengwa mwaka 1883. Tunaliita la kale. Mwaka ule lilikuwa jengo jipya kuliko yote mjini, jipya kwa makusudi, kwa kutaka mtu ashangae. Lina matumbawe na boriti kama jirani zake, lakini limechanganya humo chuma na zege. Mabaraza mapana yanalizunguka ghorofa kwa ghorofa juu ya nguzo nyembamba za chuma cha kusubu, na dari zimeinuka kwa kimo ambacho mkoko peke yake usingekifikiria. Baadaye likaja kuwa la kwanza visiwani kuwaka taa za umeme, na lifti juu yake.

Lisimamie mbele ukiwa Forodhani, kama lilivyokuwa. Jicho linapokea mistari ya ulalo, baraza juu ya baraza, na kivuli kizito nyuma yake. Kwa kuwa nguzo ni nyembamba, jengo kubwa kuliko yote ufukweni linaonekana jepesi, kama merikebu iliyopandishwa nchi kavu. Ndiyo hila yake, na ni hila nzuri. Katika nyumba ya boriti unene wa ukuta unakuambia mzigo wake: ukiona dhiraa nzima ya mawe unajua kuna kitu kinabebwa. Hapa mzigo umefichwa kivulini na wembamba umewekwa mbele. Barghash alikuwa ameandika mshororo mrefu kuliko pumzi ya lugha aliyoirithi, akaazima pumzi kutoka viwanda vya ng'ambo.

Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba ya sultani kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jirani ya jumba hili, likaharibika kabisa. Mnara wa saa uliosimama peke yake mbele ya majumba ukaangushwa. Jumba la Maajabu likasalimika. Katika matengenezo yaliyofuata mnara mpya wa saa ukapandikizwa kwenye uso wa jengo. Hapa nina ubishi wa miaka mingi na rafiki zangu wanaoupenda mnara ule. Mimi huuona kama kibwagizo kilichoongezwa na mtu mwingine baada ya mtunzi kuondoka: unakata mistari ya ulalo katikati, unalivuta jicho juu wakati jengo lote limekwisha kulifundisha kwenda pembeni. Ni kweli kwamba bila mnara huo kadi za posta zingekuwa maskini.

Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka na makumbusho yaliyokuwamo yakafungwa. Desemba 25, 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu kubwa ya uso wa mbele ikaanguka pamoja na mnara, watu wawili wakafa. Barazani wakasema: mwaona, kazi ya wazee imeharibiwa na watu wa leo. Wengine wakasema: mwaona, hata hiyo ya wazee huanguka. Wote walikuwa wakilizungumzia jengo ambalo lilikuwa la wazee kwa miaka yake tu. Kwa umbo lilikuwa ndugu mkubwa wa maghorofa ya Kariakoo, jengo la kwanza mjini petu kuamini kwamba chuma kilicholetwa kwa meli kinaweza kumtoa mtu katika kifungo cha boriti.

Na kweli kinaweza. Zege si kosa. Majengo ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, ni ya zege, ni marefu hadi yanachosha macho, na yamelea vizazi. Ushairi nao umepita njia hii: mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walilia kwamba mashairi yasiyo na vina na mizani si mashairi. Waliobaki kusoma waligundua kwamba sheria haikufutwa. Ilihamishiwa ndani ya sentensi, ambako vidole haviwezi kuihesabu. Zege nalo lina arudhi yake, tena kali: kiasi cha maji kwa saruji, usafi wa mchanga, unene wa nondo na nafasi kati yake, siku za kulimwagilia maji, siku 28 kabla ya kulipima nguvu zake kwa haki. Mchanga wa baharini ukiingia na chumvi yake, nondo inaanza kula kutu humo humo ndani.

Tofauti ninayoiona ni ya msomaji zaidi ya mjenzi. Mpangaji wa nyumba ya boriti anaweza kulala chali akaihakiki nyumba yake mwenyewe. Boriti iliyooza inalegea, inadondosha unga, inalia usiku. Mtu asiye na cheti chochote anajua ni wakati wa kuhama chumba au kumwita fundi. Haimwokoi kila mara, kwani kuta za Mji Mkongwe huanguka kila masika ya nguvu, lakini maandishi yapo. Mpangaji wa ghorofa jipya analala chini ya jamvi lililopigwa lipu laini na kupakwa rangi nyeupe. Juu yake kuna nondo sita au nondo tatu, hajui. Zege lilimwagiliwa wiki nzima au lilimwagiliwa siku ya kwanza tu, hajui. Amepewa kitabu kilichobandikwa gundi kurasa zake, akaambiwa mtunzi ni hodari. Anayeweza kukisoma ni mhandisi na mkaguzi, na hao walitakiwa wapite kabla lipu haijapigwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama wazee walijenga vizuri zaidi, namjibu kwamba walijenga kwa maandishi makubwa zaidi. Jibu hilo huwa haliridhishi watu barazani, na kahawa huwa imekwisha kupoa.

Mwaka jana nililala katika nyumba ya wageni mpya, nje kidogo ya mji, iliyojengwa, kwa maelezo ya mwenyeji wangu, kwa mtindo wa asili. Chumba kilikuwa kipana ajabu, mita tano na zaidi, na darini kulikuwa na boriti, zimepakwa vanishi, zimenyooka kama rula, zimepangwa kwa nafasi sawa. Nilizihesabu kwa mazoea: kumi na nne. Kisha nikasimama juu ya kitanda nikaigonga moja kwa kidole. Ilicheza. Kati yake na zege palikuwa na upenyo wa kupitisha kucha, na kila ncha ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye jamvi.