Ebden alipigwa 6-0, 6-1. Siku saba baadaye akavaa dhahabu



Wiki iliyopita mmoja wetu aliandika eti tenisi ya wawili wawili ni mchezo wa wale walioshindwa kucheza peke yao. Watu wengi walimuunga mkono. Mimi sikujibu siku ile juu mega zilikuwa zimeniishia. Leo ninazo, basi najibu.

Tuanze na Michezo ya Olimpiki ya Paris, 2024. Matthew Ebden, Mwaustralia wa miaka 36, aliingizwa kwenye mchezo wa mmoja kwa mmoja kuziba nafasi iliyobaki wazi. Ng'ambo ya wavu alikuwa nani? Novak Djokovic. Matokeo: 6-0, 6-1. Dunia ilicheka, na mimi nilicheka, sitaficha. Siku saba baadaye, tarehe 3 Agosti, Ebden huyohuyo pamoja na John Peers waliwashinda Wamarekani Austin Krajicek na Rajeev Ram kwenye fainali ya wawili wawili: 6-7, 7-6, 10-8. Dhahabu. Djokovic alipata yake kesho yake.

Na hao Krajicek na Ram walikuwa wametoka wapi? Robo fainali walimtoa Rafael Nadal na Carlos Alcaraz, 6-2, 6-4, kwenye kiwanja kilekile cha Roland Garros ambapo Nadal alishinda taji mara 14. Musiniambie Nadal hakujua wawili wawili. Alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya mchezo huo tangu 2016, na Marc López. Lakini siku ile walionekana kama watu wawili wakubwa waliokutana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake "pita wewe".

Hapa njo penye utamu. Kiwanja cha mmoja kina upana wa mita 8.23. Cha wawili kina mita 10.97. Kinaongezeka mita 1.37 kila upande, lakini watu wanaongezeka mara mbili. Maana yake nafasi ya kupitisha mpira inapungua, haiongezeki. Yule wa nyuma anaanzisha mpira, mwenzake amesimama karibu na wavu, mkono umefichwa mgongoni, vidole vinasema: nitavuka, ama nitabaki. Anayerudisha mpira haoni vidole hivyo. Ana chini ya sekunde moja kuamua: apige chini, mbali na yule wa wavuni, ama ajaribu kumpita pembeni. Mpira ukipanda kidogo tu, umekwisha. Mara nyingine yule wa mbele anachuchumaa karibu na mstari wa katikati, huwezi jua ataruka kushoto ama kuume. Hizo si nguvu za mkono. Ni maelewano ya watu waliocheza pamoja miezi na miezi.

Mimi ni mutu wa kilimo, munisamehe: mahindi na maharage ndani ya shamba moja si nusu ya mahindi na nusu ya maharage. Kuna nafasi, kuna siku ya kupanda, kuna nani anamfunika nani jua. Ukipanda ovyo, vyote viwili vinakonda. Nadal na Alcaraz walipandwa siku moja, bila nafasi.

Sasa malalamiko yangu. Kamera iko juu, nyuma ya kiwanja. Timu ya upande wa karibu ikianzisha, vidole vile unaweza kuviona. Ikianzisha ya mbali, huoni kitu. Na watangazaji hawaelezi! Wanapiga hadithi za nani amerudi kutoka jeraha. Mtazamaji anaona mpira umegongwa mara tatu, pointi imeisha, anasema "ni bahati". Kumbe pointi iliamuliwa mgongoni mwa mtu kabla mpira haujarushwa juu.

Waandaaji nao hawako mbali. Mwaka 2005 ATP ilikuja na mpango wa kuufupisha mchezo huu na kuwapendelea wanaocheza mmoja kwa mmoja. Wachezaji, ndugu Bryan wakiwemo, walikwenda mahakamani huko Marekani. Walipatana, lakini bei ilikuwa seti ya tatu: kwenye mashindano ya ATP inachezwa mbio fupi hadi pointi 10, na 40-40 inaamuliwa na pointi moja tu. Wimbledon ilishuka kutoka seti tano hadi tatu mwaka 2023. Nikiwa mkweli, mwenye mega chache anashukuru mechi ikiisha upesi. Lakini moyo wangu unauma kila nikiona ekipe iliyojenga kazi ya saa nzima inapotea kwa mipira miwili mibaya.

Na pesa? Wimbledon 2024: bingwa wa mmoja kwa mmoja, pauni 2,700,000. Ekipe bingwa ya wanaume, pauni 650,000, halafu wagawane.

Ndugu yetu ana ukweli kidogo, nakubali. Wengi walianza peke yao, hawakupata mkate, wakahamia. Lakini Ram alishinda Newport mara mbili akiwa peke yake, 2009 na 2015. Na Paul Wekesa wa Kenya, mtu wa ukanda wetu, mataji yake 3 ya ngazi ya juu yote ni ya wawili wawili. Huyo naye tumuite aliyeshindwa?

Kigali, Februari na Machi 2024, ilipokea Challenger mbili mfululizo pale IPRC Kicukiro. Ekipe 16 kwenye jedwali, na ATP inaonyesha mechi za Challenger bure kwenye intaneti. Mdogo wangu alipita nyuma yangu nikitazama, akauliza: "Yaya, mbona yule anaficha mkono?" Nikamweleza. Akakaa. Gemu iliyofuata yeye njo alianza kupiga kelele, "Atavuka! Atavuka!" Hakuvuka. Tukacheka mpaka mama akatuuliza tuna nini, na mega zikaisha 4-4.