Kizuri Kinapojitembeza: Uhakiki wa Programu-jalizi Zinazoonesha Hazina za Msimbo za Msanidi Programu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki aina ya maandishi ambayo kwa kawaida haihesabiwi kuwa maandishi: orodha ya hazina za msimbo inayowekwa katika tovuti ya msanidi programu kwa msaada wa programu-jalizi. Programu-jalizi ni kipande cha programu kinachochomekwa katika mfumo mkubwa zaidi ili kuuongezea kazi ambayo haukuja nayo. Katika WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti ulioanza mwaka 2003, zipo programu-jalizi ambazo kazi yake ni hiyo tu. Mwenye tovuti huandika jina analotumia katika GitHub, jukwaa la kuhifadhia msimbo lililoanzishwa mwaka 2008. Programu-jalizi huleta orodha ya hazina zake za wazi na kuipanga katika ukurasa: jina la hazina, maelezo mafupi, lugha ya programu, idadi ya nyota zilizotolewa na watumiaji wengine, na tarehe ya badiliko la mwisho.

Orodha hiyo husomwa kwa makini, na hukumu hutokana nayo. Mwajiri anaweza kuipitia kabla ya kuamua nani aitwe kwenye usaili. Mradi unaotafuta mchangiaji unaweza kuitumia kumpima mgeni. Kwa kijana asiye na barua ya utambulisho kutoka kampuni inayojulikana, kisanduku hicho kinaweza kuwa ndiyo sehemu pekee ya wasifu wake inayomtetea. Kwa hiyo ni halali kuuliza: orodha hii inasema nini, inasema kwa sauti ya nani, na inanyamazia nini?

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba orodha ya hazina ni majigambo yaliyoondolewa sauti ya mwenye kujigamba. Inajinadi kwa kanuni ya kuiacha kazi ijisemee, kwa mujibu wa methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, kinachooneshwa si kazi. Ni vipengele vichache vya katalogi vilivyoteuliwa na jukwaa, na uteuzi huo huwapunja wale ambao mchango wao ni kutengeneza, kukagua na kutafsiri kazi za wenzao.

2.0 Mihimili ya Uhakiki

Uhakiki huu umejengwa juu ya dhana mbili. Ya kwanza inatoka kwa Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils cha mwaka 1987, ambacho jina lake lina maana ya vizingiti. Genette aliyachunguza maandishi yanayoizunguka matini kuu, kama vile jalada, anwani, dibaji na maelezo ya mchapishaji. Maandishi hayo si kazi yenyewe, lakini ndiyo yanayomwingiza msomaji ndani ya kazi na kumwelekeza namna ya kuisoma. Kwa mtazamo huo, orodha ya hazina ni kizingiti: matini kuu ni msimbo ulio nyuma yake. Tatizo huanza pale msomaji anapoishia kizingitini akaamini kuwa ameshaingia ndani.

Dhana ya pili ni ya majigambo, utanzu wa fasihi simulizi unaofahamika, pamoja na kwingineko, miongoni mwa Wahaya wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Katika majigambo, mtendaji husimama mbele ya hadhira na kujisifu kwa matendo yake. Mambo mawili yanaupa utanzu huo uzito. Kwanza, anayesema husema kwa nafsi ya kwanza, hivyo dai ni lake na aibu ya uongo itakuwa yake. Pili, hadhira iko mbele yake, na wamo ndani yake wanaomfahamu na wanaofahamu tukio. Majigambo ni sifa, lakini ni sifa inayoweza kupingwa. Kigezo hiki ndicho kitakachotumika kuipima orodha ya hazina.

3.0 Mpangaji Asiyeonekana

Swali la kwanza la mhakiki mbele ya orodha yoyote ni nani ameipanga. Programu-jalizi hupata data kwa kuiomba seva ya GitHub orodha ya hazina za mtumiaji. Ombi lisipoeleza mpangilio wowote, jibu hupangwa kwa kufuata alfabeti ya majina, na huleta hazina 30 kwa ukurasa. Programu-jalizi inayotumia mpangilio huo bila kuubadilisha humtanguliza msanidi kwa hazina zinazoanza na herufi A, hata kama hazina iliyomchukua miaka mitatu imeitwa Zana. Inayopanga kwa tarehe ya badiliko hutanguliza jaribio la jana usiku kuliko kazi iliyokamilika na kutulia. Inayopanga kwa nyota hutanguliza kilichopendwa, na nyota hutolewa kwa kubofya mara moja bila sharti la kusoma hata mstari mmoja wa msimbo.

GitHub humruhusu mtumiaji kuteua mpaka kazi sita zikae juu ya ukurasa wake wa wasifu. Huo ndio uteuzi uliofanywa na mtu kwa nia: hapo msanidi anasema, nipimeni kwa hizi. Lakini uteuzi huo haumo katika orodha ya kawaida inayorudishwa kwa ombi lililoelezwa hapo juu. Programu-jalizi inayoutaka hulazimika kuuomba kwa njia nyingine. Kwa hiyo, katika safari fupi kutoka jukwaani hadi kwenye tovuti binafsi, kinachoweza kupotea kwanza ni kauli ya mwenye kazi. Msomaji hukutana na tovuti yenye jina na picha ya mtu, akadhani orodha iliyomo imepangwa na mtu huyo, ilhali imepangwa na chaguo-msingi la mashine. Nafsi ya kwanza imeondoka, ingawa jina lake limebaki mlangoni.

Hata ukimya wa orodha una historia yake. Seva ya GitHub hukubali maombi 60 kwa saa kutoka anwani moja ya intaneti iwapo anayeomba hajajitambulisha, na kwa kawaida 5,000 iwapo mtumiaji amejitambulisha. Tovuti za bei nafuu mara nyingi hukaa pamoja katika seva moja na kutumia anwani moja. Programu-jalizi iliyoandikwa kwa uangalifu huhifadhi nakala ya muda ili isiombe upya kila msomaji anapofika. Isiyo na uangalifu humaliza kiwango kilichowekwa, na kisanduku kikabaki kitupu. Msomaji hana namna ya kutofautisha utupu uliotokana na upangishaji wa gharama ndogo na utupu wa mtu asiye na kazi yoyote.

4.0 Kazi Iliyofanyika Nyumbani kwa Mwingine

Programu huria hujengwa kwa ushirikiano. Mchangiaji hunakili hazina ya mradi, hufanya marekebisho katika nakala yake, kisha huwaomba wasimamizi wayapokee. Yakipokelewa, marekebisho huishi katika hazina ya mradi. Kinachobaki kwa mchangiaji ni nakala tanzu.

Hapa programu-jalizi hukabili chaguo mbili, na zote mbili hupotosha. Ikizionesha nakala tanzu, huchanganya mchango na unakili. Mtu yeyote anaweza kuinakili hazina ya Linux kwa kubofya, na orodha yake ikaonesha hazina yenye jina hilo, iliyoandikwa kwa lugha ya C, kana kwamba ameshiriki kuijenga. Ikizificha, humfuta mtu aliyerekebisha kasoro ngumu katika miradi kumi ya watu wengine lakini hakuanzisha wake. Mwanzilishi wa miradi kumi iliyoachwa nusu ataonekana fundi. Mtengenezaji wa miradi kumi inayotumika ataonekana hana kitu.

Upungufu huu si wa bahati mbaya. Umo katika kipimo chenyewe, kwa sababu orodha imejengwa juu ya umiliki: inauliza ni hazina zipi zilizo chini ya jina hili, wala haiulizi jina hili limefanya nini na wapi. Anayesoma msimbo wa mwenzake na kuonesha kosa kabla halijasambaa, anayejibu maswali ya watumiaji, anayeandika mwongozo, wote hawa hawaachi hazina nyuma yao. Katika majigambo, shujaa aliyepigana vita vya jirani anaweza kuvitaja, na jirani akamshuhudia. Katika orodha ya hazina hakuna nafasi ya kutaja vita vya jirani.

5.0 Lugha Isiyohesabiwa

Kipengele cha lugha kinastahili kutazamwa kwa jicho la mtafiti wa Kiswahili. Lugha inayotajwa chini ya jina la hazina ni lugha ya programu, na hupatikana kwa kuhesabu ukubwa wa mafaili. GitHub hutumia kwa kazi hiyo programu iitwayo Linguist. Kwa chaguo-msingi, hesabu hujumuisha lugha za kuandikia programu na zile za kupangia kurasa. Mafaili ya maelezo ya kawaida, kama yale ya Markdown, na mafaili ya data, kama yale ya JSON, hayahesabiwi.

Athari yake ni hii. Tuseme msanidi ametafsiri maneno yote ya kiolesura cha programu fulani kwa Kiswahili, akayahifadhi katika mafaili ya JSON pamoja na mwongozo wa matumizi katika Markdown. Hiyo ni kazi ya istilahi, ya sintaksia na ya uamuzi wa kimtindo. Katika orodha, mahali pa lugha pataachwa patupu. Hazina ambayo haina kingine ila lugha huorodheshwa kuwa haina lugha. Mwenzake aliyeweka mistari ishirini ya Python atapewa jina la lugha, na katika programu-jalizi nyingine hata rangi yake.

Haidaiwi hapa kwamba Linguist imekosea. Imetengenezwa kujibu swali jingine. Kinachodaiwa ni kwamba programu-jalizi hulihamisha jibu hilo kutoka muktadha wake na kuligeuza sifa ya mtu. Anayeathirika zaidi ni yule anayefanya kazi ya kuiwezesha teknolojia izungumze lugha ambazo haikuzaliwa nazo.

6.0 Kuonekana si Kusomwa

Utetezi mkubwa wa orodha hizi ni kwamba hazina ziko wazi: anayetilia shaka afungue mwenyewe. Utetezi huu una uzito. Wasifu wa karatasi hutaja ujuzi bila kuonesha kazi, ilhali orodha ya hazina humpeleka msomaji kwenye msimbo kwa mbofyo mmoja. Kwa aliyejifunza nje ya chuo kikuu, huo ni mlango ambao vyeti vingemfungia. Makala haya hayaupingi uwazi huo.

Hata hivyo, historia ya programu huria inaonesha kwamba uwezekano wa kusoma si sawa na kusoma. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche iliyotumiwa na seva nyingi duniani. Kasoro ilikuwemo katika toleo lililotoka Machi 2012. Kwa miaka miwili ilikaa katika msimbo uliokuwa wazi kwa kila mtu, na ilikuwa ya namna rahisi kueleza: programu iliamini urefu wa ujumbe kama ulivyotajwa na mtumaji, bila kuulinganisha na ujumbe wenyewe. Uwazi ulikuwepo, wasomaji wa kutosha hawakuwepo.

Msomaji wa orodha ya hazina hutenda kosa la sura ileile anapopokea idadi ya nyota na tarehe bila kuilinganisha na kazi. Mbofyo mmoja unaosemwa kuwa rahisi ndio usiofanywa mara nyingi, kwa kuwa orodha imeundwa ili itosheleze. Zipo hata zana za jirani, kama github-readme-stats, zinazotengeneza kadi yenye takwimu za mtumiaji na kumpa daraja kwa herufi mfano wa matokeo ya mtihani. Ni mtihani ambao hakuna msahihishaji aliyesoma karatasi ya majibu.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba orodha ya hazina za msimbo inabeba sifa za majigambo bila masharti yake. Nafsi ya kwanza imebadilishwa na chaguo-msingi; hadhira inayojua imebadilishwa na nyota; tendo limebadilishwa na umiliki. Ni kizingiti kinachojidai kuwa nyumba.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, watengenezaji wa programu-jalizi wauheshimu uteuzi wa mwenye kazi: kazi tatu zilizochaguliwa, kila moja ikiwa na maelezo yake mwenyewe ya alichofanya, zinasema zaidi kuliko hazina 30 zilizopangwa kwa alfabeti. Pili, michango iliyopokelewa katika miradi ya wengine, zikiwemo tafsiri na ukaguzi, ipewe nafasi yake na kiungo cha kuithibitisha. Tatu, wanaohukumu, wawe waajiri au watahini wa miradi ya wanafunzi, wasitoe alama kabla ya kufungua angalau hazina moja na kuusoma msimbo wake.

Methali haijabatilika. Kizuri bado chaweza kujiuza, lakini kwa mnunuzi aliyekifungua na kukitazama. Mbele ya mnunuzi anayesoma lebo peke yake, kizuri na kibaya vyote hujitembeza, na chenye lebo ndefu ndicho kinachoondoka sokoni.